Marehemu wa Kibuyuni

Kibuyu cha Bibi Magreth wa Kikwe kilikuwa hakijawahi kuonja maji. Kilionja maziwa, kilionja moshi, kilionja kaa la mzeituni wa porini likizungushwa tumboni mwake kama mtu anapiga mswaki, lakini maji, hapana. Maji yalikuwa ya ng'ombe na ya ubatizo. Bibi alikipata kwa mama yake siku aliyoolewa, kikiwa na maziwa ya mgando ndani, na tangu hapo kazi yake ilikuwa kumimina ya leo juu ya masalia ya jana, na ya kesho juu ya masalia ya leo. Hakikukauka hata siku moja.

Na nyumba ile ilikuwa na sheria yake. Binti hatoki kwenda kuolewa mpaka yeye na mchumba wake wanywe maziwa ya kibuyu kile mbele ya wazee, kisha aondoke na kidogo ndani ya kibuyu kipya akaanzishie mji wake. Hakuna maziwa, hakuna ndoa. Hata mchungaji angehubiri mpaka sauti imkauke, jibu lingekuwa hilo hilo.

Sasa, hicho ndicho kibuyu ambacho Lengai, mchumba wa mjukuu wake Lydia, alikiosha.

Si kwamba Lengai alikuwa kijana mbaya. Alikuwa kijana wa watu kutoka upande wa pili wa Mlima Meru, mpole, mrefu, amepanga chumba Tengeru akisomea kazi za maabara. Tatizo lilikuwa muhula wa kwanza. Katika somo la Utangulizi wa Mikrobiolojia, Jumatatu mwalimu aliwatajia makundi yote ya vijidudu, akawaonyesha bakteria kwenye hadubini, Lengai akarudi chumbani akachemsha kila kitu, hadi kitana. Jumanne mwalimu alifundisha bakteria wema, wale wanaotengeneza mtindi na kutusaidia tumboni. Jumanne hiyo Lengai alikuwa kwa fundi, anapimwa koti la kwenda nalo ukweni.

Koti lilimkaa vizuri sana.

Ijumaa mchana wakafika Kikwe, yeye na mshenga wake Gerson, mtu wa maneno mengi na tumbo la kuyabebea. Wakakaribishwa kwa vikombe vya mgando. Lengai akapiga vitatu, kwa sababu alikuwa na hofu na mtu mwenye hofu hunywa. Akasifia. Bibi Magreth akacheka, akasema sherehe yenyewe ikianza watakunywa kwa utaratibu, yeye na Lydia, wazee wakishuhudia. Kisha nyumba nzima ikatoka barazani kumpokea Mzee Eliasi, baba mkubwa wa Lydia, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kila kikao kilichowahi kuwa na viti.

Lengai akabaki peke yake, karibu na mlango wa jiko. Akaona afanye jambo la kumfurahisha Bibi: aoshe vyombo. Kijana wa kisasa. Akaingia, akaosha vikombe, akachukua kibuyu, akachungulia ndani.

Kweusi. Na juu ya weusi kuna utando mweupe. Na chini ya utando kuna kitu kinatoa mapovu taratibu, kama kinapumua.

"Yesu wangu," akasema Lengai. "Hiki ndicho nilichokunywa?"

Mkono ukafanya kazi kabla ya akili. Maziwa yakamwagwa nje kwenye shina la mgomba. Maji yalikuwa yanatokota mekoni kwa ajili ya chai, akayajaza kibuyuni, akatikisa, akamwaga, akarudia. Kisha akatoa mfukoni mwa koti lile jipya chupa ya spiriti anayotembea nayo, akamalizia. Kibuyu kikawa kinanuka kama wodi. Alikuwa bado anakipangusa, anatabasamu, Bibi Magreth aliposimama mlangoni.

Bibi hakupiga kelele mara moja. Alinusa kwanza. Kisha akaweka mikono kichwani, na sauti iliyotoka hapo iliwafanya ng'ombe wa jirani waache kula.

*

Kwa Wameru wa Kikwe, mtu akilia hivyo huulizi, unakwenda. Kabla chai haijaiva, wanawake wawili walikuwa wameshafika na sukari kwenye mfuko, wamekaa kwenye jamvi, kimya, mikono mashavuni. Mwingine alikuja na sufuria kubwa. Kijana mmoja alisimama nje akauliza turubai lifungwe upande gani. Hakuna aliyejua nani amekufa, na kuuliza ingekuwa kukosa adabu.

Kikao kikakaa kwenye viti vya plastiki chini ya migomba. Lydia alikaa upande wa nyanya yake, akimwangalia Lengai kwa macho ya mtu anayehesabia mwingine makosa. Gerson alikimbia uani, akarudi na jani la msale, lile la kuombea radhi, akalishika mbele ya kifua kwa mikono miwili kama mtu anayeomba msamaha wa mauaji. Jambo ambalo, kama ilivyotokea, lilikuwa kosa.

"Umeleta msale," Mzee Eliasi akasema. "Kwa hiyo mnakiri kwamba kuna damu."

"Mzee, tunakiri kwamba kuna maziwa," Gerson akasema.

"Kijana aseme mwenyewe. Bibi yako hapa anasema umeua kibuyu. Kibuyu hakifi. Umeua nini?"

Hapa ndipo mtu mwenye akili angesema: samahani Mzee, nimeharibu maziwa. Lengai alikuwa mwanafunzi. Alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Bakteria, Mzee. Ni viumbe hai wadogo sana, hawaonekani kwa macho. Ndio walioyagandisha maziwa."

"Viumbe hai."

"Ndiyo."

"Wangapi?"

Lengai akafikiri. Alitaka kuwa mkweli ukweni. "Mabilioni," akasema.

Kwenye jamvi mwanamke mmoja akaanguka ubavu. Mwenzake akampepea. Kule nje ikasikika sauti ya kijana wa turubai: "Wangapi? Basi moja halitoshi!"

"Mabilioni," Mzee Eliasi akarudia polepole. "Ijumaa. Saa ya chai. Na ukatabasamu."

"Mzee, sikujua kwamba kuna wema! Nilidhani wote ni wabaya!"

"Aha. Kwa hiyo kuna makabila." Mzee akavuta kiti mbele. "Hatuwezi kutangaza msiba wa watu tusiowajua. Tufafanulie ukoo wao, mmoja mmoja, tujue tumefiwa na nani."

Lengai akamwangalia Gerson. Gerson akaangalia msale. Basi ikawa hivyo: posa iligeuka darasa, na darasa lilikuwa ndani ya msiba.

"Wa kwanza ndio hao bakteria," Lengai akaanza. "Ni chembe moja tu. Hana kiini kama chembe zetu, mambo yake yote yako katikati ya chumba."

"Kama kwa kapera," Lydia akasema. Ndiyo mara ya kwanza anafungua mdomo siku hiyo.

"Haswa. Na akitaka kuzaa, anajigawa tu. Wanakuwa wawili. Wawili wanakuwa wanne."

"Hana mke?"

"Hana."

"Hapeleki posa?"

"Hapeleki, Mzee."

Vijana waliosimama nyuma ya migomba wakapiga makofi. Mzee Eliasi akawageukia mpaka makofi yakafa.

"Wa pili ni fangasi, yaani kuvu. Ile ya kwenye mkate uliosahaulika. Na uyoga ni wa kwao. Na hamira pia. Hamira anakula sukari, halafu anatoa kileo. Ndiye anayeiva ndani ya mbege."

Wazee watatu walioapa kanisani kwamba hawanywi waliangalia juu, kwenye majani ya migomba.

"Ngoja," mmoja wao akasema. "Kwa hiyo anayetengeneza pombe ni hamira?"

"Ndiye."

"Binadamu hatengenezi."

"Binadamu anachanganya tu ndizi na ulezi."

"Liandikwe hilo," mzee akasema, na uso wake ukawa na amani ambayo haikuonekana tangu Kwaresima.

"Endelea," Mzee Eliasi akasema haraka.

"Wa tatu, protozoa. Kama amiba. Huyu hana umbo. Akitaka kutembea anachomoza mguu popote, akifika anaurudisha ndani. Ndiye anayeleta kuhara damu. Na yule wa malaria ni wa kundi hilo. Wa nne ni mwani, yule wa kijani kwenye birika la ng'ombe. Anajipikia chakula kwa jua."

"Mkulima," wazee wakasema pamoja, kwa heshima.

"Wa tano ni akea. Anafanana na bakteria ukimwona, lakini ukoo wake ni mwingine kabisa. Anapenda mahali pagumu, chemchemi za moto, magadi. Wengine wanaishi tumboni mwa ng'ombe, wanatengeneza gesi."

"Wale nawajua," Bibi Magreth akasema huku machozi yakimtoka. Alikuwa amekamua miaka yote hiyo akiwa upande ule wa ng'ombe.

"Na wa mwisho ni virusi. Huyu hata wataalamu wanabishana kama ni mzima au mfu. Hana nyumba, hana jiko. Anaingia kwenye chembe yako, anatumia jiko lako kujitengeneza mwenyewe, anaongezeka, anaongezeka, mpaka nyumba inapasuka, halafu anakwenda kwa jirani."

Kikao kizima kikamgeukia Gerson, ambaye alikuwa kwenye sahani ya pili ya ndizi nyama tangu darasa lianze.

"Mimi ni mshenga," Gerson akasema, mdomo umejaa.

Mzee Eliasi akasimama. "Tumeelewa. Waliokufa ni wa kundi la kwanza. Wapole, hawana makuu, wamekaa na mama yetu tangu anaolewa wakimgandishia maziwa. Na sasa wameisha. Kijana, sheria ya nyumba hii unaijua. Hakuna maziwa, hakuna ndoa. Chukua mshenga wako mwende salama."

Lydia akainuka nusu. Lengai aliona uso wake, na akaona maisha yake yote yanamwagwa kwenye shina la mgomba. Akapaza sauti kabla hajafikiri, kama kawaida yake.

"Hawajaisha! Mzee, hawajaisha! Mimi nilikunywa vikombe vitatu. Wako tumboni mwangu!"

Jogoo akawika mahali, akaona aibu, akanyamaza.

Bibi Magreth akainuka kwenye jamvi. Akamwendea Lengai taratibu, akafungua kifungo cha lile koti, akaweka sikio kwenye tumbo lake. Na tumbo la Lengai, ambalo tangu asubuhi lilikuwa na hofu na mgando peke yake, likanguruma kwa kirefu.

Bibi akainua uso. Ulikuwa umelowa, na unacheka.

"Wananisalimia," akasema.

Wanawake wakapiga vigelegele. Yule kijana wa nje akaanza kufungua turubai. Lengai akapumua, Gerson akainua msale juu kama bendera. Ni Mzee Eliasi peke yake ambaye hakucheka. Alikuwa anakuna kidevu.

"Subirini. Hao walio tumboni mwa kijana ni wetu?"

"Ni wenu kabisa, Mzee!" Lengai akasema.

"Wa nyumba hii? Ndio wale wale waliomlea na Lydia?"

"Wale wale! Lydia ameanza kuwanywa akiwa mdogo. Mimi na Lydia sasa tuna wale wale ndani!"

"Basi ninyi ni ndugu," Mzee Eliasi akasema. "Na ndugu hawaoani. Ndoa imekufa tena. Turubai libaki."

Kijana wa nje akaachia kamba, akakaa chini.

*

Lengai alitaka kusema kitu cha kisayansi. Alifungua mdomo, Lydia akamkanyaga mguu. Kwa kisigino.

"Baba mkubwa, naomba niulize," Lydia akasema. "Bibi, mgando wa kibuyu hiki uliutoa wapi?"

"Kwa mama yangu, si unajua."

"Na yeye?"

"Kwa mama yake. Alitoka nao huko juu, Poli."

"Na huyo mama yake alikuwa ukoo mmoja na wewe?"

"Ukoo gani? Kila mmoja na wa baba yake."

"Kwa hiyo hao wa kibuyuni hawajawahi kumfuata mwanamume hata mmoja. Kila binti akiolewa, wanahama naye, wanaingia nyumba ya watu wengine." Lydia akamgeukia Mzee Eliasi. "Baba mkubwa, katika nyumba hii ukoo unafuata nani?"

Mzee Eliasi akakohoa. Hili alikuwa amelisema mwenyewe kwenye kila kikao cha mashamba, na kwa sauti kubwa. "Unafuata baba."

"Na wa kibuyuni wanafuata mama. Basi si ukoo wetu. Ni wakwe. Wameingia kwetu kwa ndoa tangu zamani, tunakaa nao tu."

Wazee wakainamiana, wakanong'ona. Iligunduliwa kwamba Mzee Eliasi naye amelelewa na mgando ule ule, kwa hiyo ana mabilioni ya wakwe tumboni mwake na hajawahi kuwainukia kwa adabu wakati wa chakula. Jambo hilo likamchosha kidogo. Akakaa.

"Ni sawa," akasema hatimaye. "Kijana ni mkwe aliyejaa wakwe. Anaruhusiwa. Lakini sheria haijabadilika: maziwa ya kibuyu kile yanywewe. Awarudishe kwao. Jumapili baada ya ibada tunafungua. Wakiwa wamerudi, ndoa ipo. Wasipokuwa wamerudi, asionekane Kikwe, hata kupita kwenda shambani kwa mtu."

"Atawarudishaje?" Gerson akauliza.

"Kwa njia waliyoingilia," Bibi akasema. "Atapumua."

Lakini kibuyu hakijazwi bila kufukizwa, na sasa vibuyu vilikuwa viwili. Cha kwanza kilisuguliwa kwa kaa mpaka harufu ya spiriti ikaondoka. Cha pili kilikalishwa kwenye kigoda jikoni, kikafunikwa blanketi pamoja na moshi wa mzeituni wa porini, kikawa kinakohoa na kulia, "Bibi inatosha," na Bibi anajibu, "Bado unanuka chuo." Kisha maziwa ya jioni yakamiminwa kibuyuni, ya moto kutoka kwa ng'ombe, na Lengai, macho mekundu, akainama akayapumulia mpaka kizunguzungu. Bibi akaziba.

Njia nzima ya kurudi Tengeru Lengai alikuwa anajifuta macho. Gerson alidhani ni moshi. Haikuwa moshi. Lengai alijua kwamba pumzi ya mtu haigandishi maziwa, na kwamba maziwa mabichi yakiachwa hivyo hivyo yanaweza kupata mgeni yeyote anayepita, na wageni wengi hawana adabu. Jumapili kizibo kitatolewa mbele ya usharika mzima, na kitakachotoka humo kitanuka. Angalau Jumamosi alikwenda kwa mwanafunzi mwenzake akasoma ile mada ya Jumanne. Ilikuwa kurasa mbili. Ilisema kila kitu ambacho angepaswa kujua, pamoja na kwamba mtindi huanzishwa kwa mtindi.

"Mtindi huanzishwa kwa mtindi," akajisomea kwa sauti, akaweka kichwa mezani. Kibuyu kilikuwa Kikwe, na yeye alikuwa amekatazwa kukisogelea kabla ya Jumapili.

*

Jumapili, mnada wa sadaka ulikwenda haraka kuliko siku zote. Mzee Eliasi ndiye aliyekuwa ananadi, na aliuza mkungu wa ndizi, trei ya mayai na jogoo mwenye hasira kwa kasi ya mtu mwenye miadi. Bibi Magreth Jumamosi alikuwa sokoni Tengeru na ndizi zake, na alikuwa ameuza habari kuliko ndizi. Watu walikuwa wamekuja na vikombe vyao.

Kibuyu kikawekwa kwenye meza uani kwa Bibi. Lengai alisimama mbele yake na lile koti, linanuka moshi. Lydia alikuwa pembeni, ametulia kabisa, anaangalia mlima kama vile haumhusu.

Bibi akatoa kizibo.

Akanusa. Akamimina. Yakatoka mazito, meupe, yameshikana vizuri, yakaingia kikombeni kwa mkupuo mmoja. Bibi akaonja, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka mtu mmoja nyuma akaanza kuomba.

"Ni wao," Bibi akasema.

Wacha watu walipuke! Vigelegele, kengele ya kanisa, yule jogoo akamtoroka mnunuzi wake. Lengai na Lydia wakanyweshwa kikombe kimoja, Mzee Eliasi akashuhudia, Gerson akashuhudia kikombe kingine kizima. Lengai alipoonja, kope zilimchezacheza. Ilikuwa ladha ile ile. Haikuwezekana. Akamvuta Lydia mpaka kwenye ile migomba.

"Lydia, hii haiwezekani. Kisayansi haiwezekani!"

"Shangazi Prisca," Lydia akasema, anajifuta mdomo.

"Shangazi Prisca yupi?"

"Wa Sekei. Aliolewa nao, si ndiyo sheria. Kibuyu kilipasuka zamani, akaogopa kumwambia Bibi. Anawaweka kwenye chupa ya plastiki, kwenye friji, karibu na soda. Kila wiki anawapa maziwa ya pakiti. Jumamosi Bibi akiwa sokoni nilikwenda nikachota nusu glasi, nikaja kuimimina kibuyuni."

Lengai akamshika mabega. Macho yake yakawaka kama ya mtu aliyeona hadubini mara ya kwanza. "Kwa hiyo ni wazao wa wale wale! Huu ni ushahidi! Lazima niwaeleze wazee, hapa kuna somo kubwa sana la..."

"Lengai."

"Kisayansi..."

"Kisayansi, unataka kuoa au unataka kufundisha?"

Lengai akaangalia umati. Mzee Eliasi alikuwa anamweleza mchungaji, kwa mikono yote miwili, jinsi virusi anavyopasua nyumba. Yule mzee wa mbege alikuwa anasambaza kwamba kosa ni la hamira. Hakuna darasa Tengeru lililowahi kusikiliza hivi. Na ukweli mmoja mdogo, wa nusu glasi, ulikuwa umemkaa kooni unataka kutoka.

Akaumeza. Ulikwenda chini kwa shida kuliko moshi.

"Mkwe!" Bibi Magreth akaita. "Njoo hapa tumalize."

Bibi alikuwa ameketi, mikono magotini, mwenye furaha na mamlaka. Alimtaka asimame mbele yake. Akampiga tumboni kwa kiganja, mara mbili, akasikiliza, kama anavyopiga kibuyu kujua kama kimejaa.

"Wewe ndiye akiba yetu sasa," akasema. "Kile kibuyu kinaweza kukutana na mjinga mwingine. Kila mwisho wa mwezi unakuja kufukizwa. Spiriti usiiguse. Na wakikuandikia zile dawa za kuua bakteria, hunywi mpaka kikao kikae."

"Bibi, lakini mtu anaweza kuugua akazihitaji kweli..."

"Kitakaa haraka," Mzee Eliasi akasema. "Viti tunavyo."

Lengai akamtazama Lydia. Lydia alikuwa ameshapokea kibuyu chake kipya, kimefungwa kamba shingoni, kina maziwa ndani, tayari kwenda kuanzisha mji. Alikuwa anauma mdomo wa chini asicheke.

"Nimekubali," Lengai akasema.

"Basi twende jikoni," Bibi akasema, akijinyanyua kwa kushika mkono wake. "Ulipoondoka juzi ulikuwa hujakolea upande wa mgongoni."